Bi Mkubwa Anakula, Anakonda

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kushinda nyumba moja na fundi cherehani kunachosha. Huwezi kupita mbele yake na kifungo kinachoning'inia. Huwezi kukaa naye mezani hujavutwa bega, ukaambiwa simama, geuka, ni nani aliyekushonea balaa hili. Mimi ni msusi, na nakiri kwamba huwa natazama kichwa cha mtu kabla sijatazama uso wake. Lakini nikikukuta barabarani umesukwa upande upande, nitakusalimu na kupita zangu. Wifi hawezi. Kabla hajakuambia shikamoo, mkono wake umeshafika kwenye pindo lako.

Tunafanya kazi ukuta kwa ukuta. Nyumba ya kaka yangu ina vyumba viwili vinavyotazama barabara. Kimoja kina cherehani ya wifi, meza ya kukatia, pasi na mlima wa nguo za watu. Kingine kina viti vyangu, kioo changu, na wateja wangu wanaokuja kusukwa wakabaki kupiga soga hadi jua linazama. Katikati kuna mlango ambao haufungwi, na kwenye kizingiti cha mlango huo, miaka yote niliyofanya kazi hapo, analala Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni paka. Ni wa kijivu, kifua cheupe, na jina lake alilipata kihalali. Siku kaka na wifi walipohamia nyumba hii, binti yao akiwa bado yuko shule ya msingi, walimkuta jikoni ameketi katikati ya sakafu akiwatazama kama wapangaji waliochelewa kodi. Wifi akamwambia kaka, "Kumbe mimi umenioa mke wa pili." Kaka akacheka, akasema basi huyu ni Bi Mkubwa na wewe ujue nafasi yako. Binti yule ameshakua, ameolewa, anaishi na mumewe mji mwingine. Bi Mkubwa bado yupo, na bado anawatazama vilevile.

Wakati wa ujana wake alikuwa mnene wa kutia aibu. Tumbo lilitangulia, yeye akafuata. Wifi alimshonea mkanda wa shingoni kwa utepe mwekundu uliobaki kwenye mapazia ya mteja, na kaka, ambaye kazi yake ni kuchonga funguo sokoni, akatundika kwenye mkanda ule kifunguo kidogo alichokosea kukichonga. Hakifungui chochote. Kazi yake ni kulia tu Bi Mkubwa anapotembea, na wote tulizoea mlio ule kiasi kwamba tuliacha kuusikia.

Sasa nieleze namna wifi anavyofanya kazi, maana bila hilo hutaelewa kilichotupata. Kwanza, hakati akiba. Akipunguza nguo, kitambaa kinachozidi anakiacha ndani, anakishonea tu, kwa sababu anasema watu hunenepa na kurudi. Pili, nguo ya mteja anaibadilishia uzi, rangi na rangi, hata kama ni mshono wa ndani usioonekana na mtu. Ya nyumbani haipati heshima hiyo. Uzi wowote uliopo mashineni unapita. Nina sketi nyeusi yenye pindo la njano, na nilipolalamika aliniuliza kama naenda kutembea kichwa chini. Tatu, na hili ndilo baya, nguo ikimlegea mtu, wifi hamtazami mtu. Analaumu kitambaa. "Vitambaa vya siku hizi havina msimamo," atasema, huku mguu umeshakanyaga cherehani. "Ukivifua mara mbili vinatanuka kama unga uliotiwa hamira."

Basi asubuhi moja nilikuwa na mteja kitini, na Bi Mkubwa alikuwa amejikunja chini ya miguu yake. Niliinama kumwondoa. Mtu akizoea mzigo, mwili unajiandaa wenyewe. Nilikaza mgongo kumbeba yule bonge ninayemjua, na mikono ikapaa juu mitupu, karibu nimrushe darini. Chini ya manyoya hapakuwa na kitu. Nilihesabu mbavu kwa vidole bila kutaka. Uti wa mgongo ulikuwa umesimama kama meno ya kitana changu.

Niliogopa. Sisemi nilihuzunika au nilishangaa. Niliogopa mpaka kijasho chembamba kikanitoka, na mteja akaniuliza kama nimeumwa na kitu.

Siogopi paka kufa. Nimezika kuku na mbwa na watu. Ila mama yetu, mimi na kaka, alianza vilevile. Hakulalamika, hakulala kitandani, alikuwa anapungua tu. Tulimsifu. Majirani walimtania amerudi usichana, akawa anatabasamu na kukaza kanga yake. Alipofika mahali uji haupiti kooni ndipo tulipokimbia huku na huku, na mbio zile hazikumsaidia kitu. Tangu wakati ule neno "kukonda" halitamkwi katika familia yetu. Kaka akimwona mtu amekonda anasema "amejipunguza."

Nilimwita wifi, nikamwekea paka mikononi. Alimpapasa, akampapasa tena.

"Ni manyoya," akasema. "Akizeeka manyoya yanalala."

"Wifi, hayo si manyoya. Hiyo ni mifupa."

"Mbona anakula?"

Na hapo ndipo palipotutisha zaidi, kwa sababu kweli alikuwa anakula. Alikula kuliko alivyowahi kula. Alikuwa anamaliza chake, analamba sahani, anakwenda kusimama mbele ya kabati na kulia kwa sauti ya ajabu, nzito, kama mtu anayemwita mtu aliye ng'ambo. Zamani alikuwa mvivu wa kupindukia. Sasa alikuwa hatulii. Anapanda meza, anashuka, anazunguka chumba, anapanda tena. Maji alikuwa anayanywa kama aliyetoka safari. Kila alichokula kilikuwa kinaingia na kupotea.

Mteja wangu mmoja, mama mwenye duka la vyombo, alisema amerogwa. Mwingine akasema jirani kamtilia sumu kidogo kidogo. Nikawaambia waniachie vichwa vyao nisuke, magonjwa waniachie mimi. Lakini walipoondoka nilikaa nimeshika tama, nikimtazama anavyozunguka, na kila alipogeuka niliona mabega yake yakitokeza chini ya ngozi.

Mchana kaka alirudi kula, kama kawaida yake. Anaacha meza yake ya funguo chini ya uangalizi wa muuza betri, anakuja, ananawa, anakaa kiti cha dirishani. Bi Mkubwa huwa ameshafika chini ya kiti hicho kabla yake. Wifi akapakua. Kaka akachukua kipande cha nyama, akakichana, akakiteremsha chini ya meza.

"Kula, mke wangu wa kwanza."

"Na mimi je?" wifi akauliza, maana huo ulikuwa utani wao wa kila siku.

"Wewe una mikono. Jipakulie."

Kipande cha pili kikaenda chini. Nikaona huu ndio wakati. Nikapiga moyo konde nikasema, "Kaka, anakonda."

Kijiko kilisimama hewani. "Nani anakonda?" Aliuliza haraka mno, kwa ukali, mpaka nikashtuka.

"Bi Mkubwa."

Akapumua. Nakumbuka alivyopumua, mabega yakashuka. "Ah. Paka," akasema. "Dada, maneno hayo usiyalete mezani."

"Lazima aende kwa daktari."

"Daktari wa nini? Mgonjwa ni asiyekula. Huyu anakula kama mchwa." Akateremsha kipande cha mwisho, sahani yake ikabaki mifupa na mchuzi. "Amezeeka, basi. Hata mimi nimezeeka. Nywele zimenikimbia, meno yananikimbia. Lakini nitazameni." Akasimama, akavuta kiuno cha suruali yake ya kijivu kwa vidole viwili. "Hii ndiyo niliyovaa siku ya kumwoza binti yangu. Inanikaa kama nimeshonewa jana. Mtu akiwa na ugonjwa, suruali ndiyo ya kwanza kujua."

"Na umeshonewa na nani?" wifi akamchokoza.

"Na fundi wangu mwenyewe, nani mwingine?"

Tukacheka wote watatu. Mimi nilicheka pia, hilo siwezi kulificha.

Zikapita siku za hofu. Nasema hofu kwa sababu ndiyo iliyokuwa inafungua milango asubuhi na kufunga jioni. Nilikuwa nikiingia kazini natazama kwanza kizingiti: yupo? anapumua? Wifi naye, ambaye mdomo wake haukai kimya, alikuwa anashona bila kuimba. Alimtengenezea Bi Mkubwa mto wa vipande vya kitambaa, eti mifupa isimuume akilala chini. Nilimwona mara moja amemshika shingoni, anageuza ule mkanda mwekundu, anaona umelegea tena. Akauvua, mguu ukakanyaga cherehani, uzi ukapita pale pale, mkanda ukarudi shingoni ukakaa sawa. Akamrudisha chini.

"Utepe mbovu huu," akasema. "Nitatafuta mwingine."

Kaka tulipomtajia daktari alikuwa na jibu jipya kila mara. Mara jua kali, mara mnyama asisumbuliwe, mara tungoje mwezi uishe. Nilimkasirikia. Nilimwambia wifi kwamba kaka yangu amekuwa mbishi kama mlango uliovimba, na wifi, ambaye kwa kawaida hunisaidia kumsema, alisema tu, "Anaogopa. Muache."

Halafu Bi Mkubwa akaanguka. Alitaka kupanda meza ya kukatia, mahali alipopanda maisha yake yote, na miguu haikufika. Makucha yalishika kitambaa cha mtu, kitambaa kikateleza, paka na kitambaa na mkasi vikashuka pamoja. Hakuumia. Alikaa sakafuni akijilamba bega, kama kwamba ndivyo alivyokusudia. Ila wifi alivua miwani yake, akalia pale pale kwenye cherehani, na mteja aliyekuja kuchukua gauni akarudi nyuma polepole akasema atapita kesho.

"Twende," nikamwambia. "Kaka tutamwambia tukirudi."

Tulimtia kwenye kapu la nguo za kupiga pasi, tukamfunika na shuka. Daktari wa wanyama yuko nyuma ya duka la vyakula vya mifugo. Unapita kati ya magunia, unaingia chumba chenye meza ya bati na mzani, kinanuka dawa ya kusafishia. Daktari ni dada mrefu, kijana, ana aproni ya plastiki na sauti ya chini. Hakutuuliza kwa nini tumechelewa, na hilo tu lilinifanya nimpende.

Alimweka Bi Mkubwa kwenye mzani, akatazama, hakusema alichoona. Akamfungua mdomo. Akaweka kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Moyo unakwenda mbio sana," akasema. "Anakula?"

"Kula?" wifi akasema. "Daktari, huyu anatushinda sote. Anamaliza chake, halafu mchana anakula na nyama ya mume wangu."

"Anamwibia?"

"Anampa mwenyewe. Zamani alikuwa anampa kipande. Siku hizi anampa yote."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Nataka kupapasa shingo. Tumvue huu mkanda." Akahangaika nao kidogo. "Mbona mgumu hivi?" Akaufungua, akaugeuza upande wa ndani. "Mama, huu umepunguzwa zaidi ya mara moja."

"Utepe mbovu, daktari. Unalegea. Naukaza, unalegea tena."

"Utepe haulegei peke yake," daktari akasema, taratibu, bila kumcheka. "Shingo ndiyo inayopungua. Unakumbuka mara ya kwanza ilikuwa lini? Ingenisaidia."

Wifi akauchukua mkanda, akaenda nao dirishani penye mwanga. Nilijua anachotafuta. Pale ndani ya utepe mwekundu palikuwa na mistari mitatu ya uzi, kila mmoja rangi yake, kwa sababu kama nilivyosema, vya nyumbani vinashonwa na uzi wowote uliopo mashineni.

"Wa kwanza ni bluu," akasema. "Bluu ni sare za shule. Shule zilikuwa zinafunguliwa, nilikuwa na rundo hadi mlangoni." Kidole kikasogea. "Huu mweupe ni gauni la yule bibi harusi aliyetusumbua. Huu wa damu ya mzee ni vizibao vya wahudumu wa hoteli. Hiyo ni juzijuzi."

"Kwa hiyo ni tangu shule zifunguliwe," daktari akasema. "Ni muda mrefu."

Wifi alibaki dirishani ameshika mkanda, kidole kimerudi kwenye ule uzi wa bluu.

Daktari akapapasa koo la Bi Mkubwa kwa vidole viwili, pole pole, juu hadi chini, akasimama mahali. Akaniita niguse. Kulikuwa na kivimbe kidogo, kama punje ya maharage chini ya ngozi, kinateleza. Akatueleza kwamba hiyo ni tezi ya shingoni, kwamba kwa paka wazee mara nyingine inafanya kazi kupita kiasi, mwili unakuwa kama jiko lisilozimwa: anakula, na kila anachokula kinaungua. Atachukua damu apime ahakikishe, atazame na figo, lakini kama ndivyo anavyofikiri, dawa ipo. Kidonge, kila siku, maisha yake yote. Hatarudi kuwa kigoli, akasema, lakini nyama itarudi mwilini.

Nilitaka kumkumbatia yule dada na aproni yake. Nilimwita Bi Mkubwa majina yote mazuri ninayoyajua. Hofu ya siku zote zile ilinitoka mwilini kwa mara moja, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

"Wifi, umesikia? Dawa ipo!"

Wifi aligeuka. Sijawahi kuona uso wa mtu umepauka namna ile. "Suruali za kaka yako," akasema. "Zimeanuliwa?"

"Nini?"

"Suruali zake, wifi. Zile za kijivu. Ziko kwenye kamba au nimeziingiza ndani?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Damu ikachukuliwa, Bi Mkubwa akatukana kwa lugha yake, tukaondoka. Barabarani wifi alikuwa anatembea mbele, karibu anakimbia, akaniachia mimi kapu na paka. Nilimwita mara mbili. Hakugeuka. Na ni katika kumfukuzia vile, huku kapu linanigonga paja, ndipo na mimi nilipoanza kufikiri. Nilifikiri juu ya nyama inayoteremka chini ya meza. Nilifikiri juu ya "Nani anakonda?" na ule ukali. Hofu niliyoiacha kwenye chumba cha daktari ilinikuta njiani, na safari hii ilikuja na sura ya mama yangu.

Nilipoingia, wifi alikuwa ameshapindua suruali ya kwanza ndani nje, ameitandaza kwenye meza ya kukatia. Alinionyesha tu mshono wa nyuma, pale kiunoni, ambapo fundi hupunguza.

Bluu. Nyeupe. Damu ya mzee.

Akatandaza ya pili. Rangi ni zile zile, kwa mfuatano ule ule, na kitambaa kilichozidi kimelala ndani kimekunjwa, hakijakatwa, kizima.

"Nilikuwa namwona anapotoka asubuhi," wifi akasema. "Naona nyuma imelegea kidogo. Ikifuliwa, kabla sijapiga pasi, naipitisha. Nilisema kitambaa. Wallahi, wifi, nilisema ni kitambaa." Akaweka mkono wote juu ya ule mkunjo, kiganja chake kinachojua kupima bila futi, na nadhani kwa mara ya kwanza alipima. "Huyu ni mtu mzima aliyetoka humu. Nimemshonea ndani kidogo kidogo."

Nilikaa chini sakafuni. Bi Mkubwa alijitoa mwenyewe kwenye kapu, akaja akaninusa, shingo yake tupu, manyoya yamelala pale ulipokuwa mkanda.

Kaka aliingia kula. Tulimsikia akinawa, akikohoa, akiimba wimbo wake usio na maneno. Akatokea mlangoni, akaona suruali zake mbili zimepinduliwa mezani na sisi wawili tunamtazama.

"Mmekamata mwizi?" akatania.

Hakuna aliyecheka. Wifi alichukua futi shingoni mwake. "Simama hapa, mume wangu."

"Kwani kuna nini?"

"Simama."

Alisimama, akainua mikono kama mtoto anayepimiwa sare, na wifi akamzungushia futi kiunoni, juu ya shati. Mimi nilitazama shati lile likiingia ndani, likiingia tu, halifiki kwenye mwili. Wifi alisoma futi, akamtazama usoni. Yule mbishi, yule kaka yangu mwenye jibu kwa kila kitu, akashusha mikono polepole.

"Chakula hakishuki," akasema. "Nyama ndiyo kabisa. Inakwama hapa." Akagusa koo. Mahali pale pale pa mama. Sikuhitaji kuambiwa.

"Tangu lini?"

"Sijui. Zamani kidogo." Akatazama suruali mezani, bado hajaelewa. "Lakini nilikuwa najipima, mke wangu. Kila asubuhi nilikuwa najipima na suruali. Nilikuwa naogopa, navaa nimefumba macho. Naikuta imelegea, naenda kazini roho mkononi, nasema leo nitawaambia. Halafu ikitoka kufuliwa inanikaa sawasawa. Nikawa nasema, ahaa, narudi. Mwili unarudi. Nikashukuru, nikanyamaza." Akajaribu kutabasamu. "Si nimewaambia? Suruali ndiyo ya kwanza kujua."

Wifi alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Kisha akajifuta uso kwa kipande cha bitana, akaketi kwenye kiti chake, akachukua wembe wa kufumulia.

Nilidhani ameshikwa na wazimu, kufumua nguo wakati kama ule. Nikamwambia tuondoke, tutafute gari, hospitali haifungwi lakini mapokezi kuna foleni. Akasema, "Dakika." Alifumua ule wa damu ya mzee. Akafumua mweupe. Alipofika kwenye bluu akajikata kidole, akakinyonya, akaendelea. Vipande vya uzi vilianguka kwenye mapaja yake. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa kikafunguka, kina rangi nzito kuliko sehemu nyingine kwa kuwa hakijawahi kuona jua. Hakupiga pasi.

"Vaa hii," akamwambia.

Kaka akaenda nyuma ya pazia la kupimia nguo, lile la wateja, akatoka ameishika kwa ngumi. Kila mtu aliyekuwa mle ndani angeweza kuingia naye kwenye suruali ile. Alituangalia kwa zamu, mimi na mkewe, na nikaona kwamba sasa ameelewa.

"Nipe mkanda," akasema, kwa sauti ndogo.

"Hakuna mkanda. Daktari akikuuliza umepungua kiasi gani, usianze kupiga porojo zako. Iachie tu, aone mwenyewe."

Kaka alicheka. Alicheka kweli, kisha kicheko kikamgeukia kooni, akakohoa, akainama, nami nikamshika bega. Lilikuwa bega la Bi Mkubwa. Siku ngapi nilikaa naye meza moja, mimi ninayejua kumwona mtu tangu utosini, na macho yangu yote yalikuwa chini ya meza kwa paka.

Tukatoka. Nilimwacha Bi Mkubwa kwenye mto wake na bakuli limejaa. Barabara ilikuwa ya kawaida, watu na shughuli zao, yule mama wa duka la vyombo amesimama mlangoni akifuta masufuria vumbi. Akatusalimu, habari za mchana, kaka akamjibu nzuri. Alikuwa ameshika kiuno cha suruali kwa mkono mmoja na mkono wa mkewe kwa mwingine. Nyuma kitambaa kilikuwa kimening'inia, kimepwaya, kinapepea kila alipopiga hatua. Wifi alikiona. Nilimwona akikiona, nikauona na mkono wake wa kushonea ukinyanyuka kidogo, kisha akaukunja ngumi, akakiacha vile vile, tukaendelea kutembea.